Bima ya jengo haimalizi kila kitu

Wenye fleti na nyumba za safu wengi huamini kwamba ada wanayolipa kwa umoja wa wamiliki imeshamaliza habari ya bima. Haijamaliza. Kwa kawaida bima ya umoja hulinda paa, kuta za nje, ngazi na maeneo ya pamoja. Kochi, nguo na televisheni ni juu yako. Makabati ya jikoni na sakafu hutegemea katiba ya umoja na mkataba wa bima, na ni wachache sana wanaovisoma.

Hata mwenye bima yake binafsi anaweza kunyimwa fidia. Chukua ule mpira wa maji nyuma ya mashine ya kufulia. Ukipasuka ghafla, bima nyingi hulipa. Ukiwa umevuja tone tone kwa miezi, mbao zimevimba na ukuta umeota ukungu, mkaguzi ataandika uzembe wa matengenezo, na jirani wa chini huenda akakudai dari yake. Bima ni ya ajali, si ya uchakavu.

Vuta mashine, upapase mpira huo. Ukiwa na uvimbe, au kutu kwenye kiungio, badilisha. Jaribu na koki yake pia. Isiyoguswa miaka mingi huganda.