Umechoka kuinua kikaango kizito? Maswali na majibu kuhusu vyombo vyepesi visivyogandisha

Mama yangu ana baridi yabisi kwenye vifundo vya mikono na hawezi tena kuinua kikaango chake cha chuma. Nimnunulie nini?

Kwanza niambie anapikia nini: sigiri ya mkaa, gesi au umeme? Wauzaji hawaulizi swali hilo, na ndilo linaloamua karibu kila kitu.

Umefanya vizuri kulifikiria mapema. Kikaango cha chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, chenye upana wa sentimita 30, hufika karibu kilo 3 na nusu kikiwa kitupu. Tia mafuta, weka samaki wawili aina ya ngege, halafu mwambie mtu mwenye vifundo vinavyouma akiepue kwa mkono mmoja. Maumivu yatapoa, lakini mafuta ya moto yakimwagikia mguu ni safari ya hospitali.

Kama anapikia mkaa, mtafutie kikaango cha bamba la chuma. Kama ni gesi au umeme, hata nonstiki ya kawaida, yaani kikaango chenye utando wa kiwandani usiogandisha, itamfaa, na yenyewe haizidi kilo 1 na ushei. Chochote utakachochagua, kiwe na sikio la pili upande wa pili wa mpini ili ashike kwa mikono miwili.

Bamba la chuma ni kitu gani? Mbona sijawahi kukisikia?

Umekiona mara nyingi. Simama asubuhi kwa muuza rolex yeyote, ile chapati ya mayai, pale Wandegeya, Kampala. Anavunja mayai kwenye kikombe, anakoroga na kitunguu, nyanya na kabichi, anamimina juu ya kile chuma cheusi kinachong'aa, analaza chapati juu, anageuza. Yai linateleza lote, halibaki hata kipande. Hakuna Teflon, ule utando wa nonstiki, pale.

Chuma cha kusubu kina kaboni asilimia 2 hadi 4. Ni kigumu lakini huvunjika upesi kikianguka, kwa hiyo lazima kiwe kinene. Bamba lina kaboni kidogo sana, asilimia 1 au chini yake. Hukandamizwa na kukunjwa bila kupasuka, kwa hiyo chombo huwa chembamba: kikaango cha upana uleule huwa na kama kilo 2. Kikianguka kitabonyea tu.

Ule weusi ni mafuta yaliyoungua kidogo kidogo hadi yakashikamana na chuma na kuwa utando mgumu. Usiuparue kwa sabuni na steelwool ukidhani ni uchafu. Nimeona wasaidizi wa nyumbani wenye bidii wakiharibu kazi ya mwaka mzima kwa alasiri moja.

Utando huo nautengenezaje?

Osha kikaango kipya kwa maji ya moto na sabuni ili kuondoa grisi ya kiwandani. Kikaushe juu ya moto. Pakaa mafuta, kisha yafute kwa kitambaa kikavu kana kwamba unataka kuyaondoa yote. Hapo ndipo wengi hukosea: mafuta yakiwa mengi hunata kama gundi. Pasha moto hadi yatoe moshi na moshi ukatike. Rudia mara tatu au nne, nje ya nyumba. Mafuta ya alizeti hushika vizuri kuliko yale ya mawese.

Baada ya hapo, osha kwa maji, kausha motoni, pakaa tone la mafuta. Basi.

Kwa nini mkaa na nonstiki havipatani?

Teflon huanza kuharibika joto likizidi nyuzi 260 za Selsiasi. Mkaa uliowaka vizuri hupita hapo bila shida, na sigiri haina kitufe cha kupunguza moto. Kikaango kikisahaulika juu yake kikiwa kitupu, hupata joto hilo kwa dakika chache. Utando ukiungua sana hutoa mvuke unaoweza kumletea mtu homa, baridi na kikohozi saa kadhaa baadaye. Kwa kawaida huisha kwa siku moja au mbili. Ndege hawana bahati hiyo, mvuke huo huwaua. Kama unalea vifaranga jikoni, usithubutu.

Lakini tusidanganyane: ukipikia mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hewa ya kaboni monoksaidi inayotoka kwenye mkaa wenyewe ni hatari kubwa kuliko kikaango chochote. Fungua dirisha kwanza, ndipo tuzungumze habari za Teflon.

Nonstiki yangu imechubuka. Nimekula vipande. Nitapata saratani?

Vipande vyenyewe hupita tumboni na kutoka kama vilivyoingia. Hofu ya saratani inatokana na PFOA, kemikali iliyotumiwa zamani viwandani kutengeneza Teflon. Mwaka 2023 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka kwenye kundi la visababishi vya saratani, ingawa viwanda vikubwa vilikuwa vimeshaiacha. Chombo kilichochubuka kibadilishe, maana kinagandisha, na tangu leo tumia mwiko wa mbao.

Sufuria nyepesi za alumini zinazosubiwa mitaani, kama Katwe hapa Kampala, je?

Ni nyepesi na bei yake ni nafuu, lakini haziwi nonstiki, na zina wasiwasi wake. Alumini ya kusubu mitaani hutokana na vyuma chakavu vya kila aina, na uchunguzi wa vyombo vya namna hii katika nchi kadhaa, Cameroon ikiwamo, umekuta madini ya risasi yakitoka na kuingia kwenye chakula. Kwa risasi hakuna kiwango salama, hasa kwa watoto. Sisemi kila sufuria ni sumu, ila huwezi kujua kwa kuitazama. Usipikie humo nyanya wala vitu vichachu, na usilaze chakula humo.

Kikaango cha chuma kikipata kutu, nitaugua pepopunda?

Hapana. Pepopunda huletwa na bakteria wanaoingia kupitia jeraha. Sugua kutu, pakaa mafuta upya, endelea kupika.

Ni kweli chuma huongeza damu?

Kiasi fulani, ndiyo. Chakula kinachopikwa kwenye chuma, hasa chenye nyanya, huchukua madini ya chuma, na bamba hufanya hivyo pia. Nyanya ikichemka muda mrefu hula ule utando, kwa hiyo mchuzi wa saa nzima upikie kwenye sufuria ya stainless. Upungufu wa damu ni tatizo kubwa hapa Uganda: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa miezi 6 hadi 59 wanao. Kikaango hakichukui nafasi ya vidonge alivyokuandikia mkunga kliniki. Na kama nyumbani kuna mgonjwa wa selimundu anayeongezewa damu mara kwa mara, muulize daktari kabla hujabadilisha chombo, kwa sababu madini ya chuma huenda tayari yamezidi mwilini mwake.