Ile meseji ya "zimeni simu usiku, kuna miale inapita": jamani tuelewane

Maswali yamekuwa mengi tena wiki hizi kuhusu ile meseji inayozunguka kwenye magrupu, kwamba kuanzia saa sita na nusu usiku mpaka saa tisa na nusu watu wazime simu kwa sababu kuna miale ya hatari inapita karibu na dunia. Ni uongo, na aliyeitunga hata saa hakuangalia. Jua likilipuka, eksirei zake zinapiga upande wenye mchana, na zinaishia juu huko angani, hazifiki mfukoni mwako.

Ila Jua halijalala. Lina mzunguko wa kama miaka 11, huu wa sasa ulianza Desemba 2019, na Oktoba 2024 NASA (shirika la anga za juu la Marekani) na NOAA (lile la bahari na hali ya hewa) wakatangaza kwamba limefika kileleni. Yale madoa meusi usoni mwa Jua ni sehemu ambazo usumaku mkali umezuia joto lisipande, usumaku huo ukijisokota kupita kiasi ndo unafyatuka. Mwanga wa mlipuko unatufikia kwa dakika 8 hivi, lakini wingu la chembe zenye umeme linalorushwa na Jua mara nyingi linachukua siku moja mpaka tatu. Mei 10, 2024 dhoruba ya usumaku iliyoletwa na mawingu hayo ilifika daraja la G5, la mwisho kabisa, ambalo halikuwahi kufikiwa tangu Oktoba 2003, na kule Marekani wakulima wakasimamisha matrekta yanayoongozwa na GPS katikati ya msimu wa kupanda. Hakuna simu iliyomchoma mtu.

Kwetu huku Afrika Mashariki shida ni ionosfia, tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme, ambalo mawimbi ya setilaiti hupitia. Jua likishazama linachafuka lile tabaka, linafanya viputo na mawimbi ya GPS yanayumba, hasa miezi ya Machi na Septemba, kuanzia kama saa mbili usiku. Wewe unayetafuta njia ya kwenda kwenye send-off hutaona kitu, wanaoumia ni wenye vipimo vya usahihi wa sentimita.

Sasa malalamiko ya huduma za mawasiliano. Unaanza kwa mtoa huduma wako, sio kwetu wasimamizi wa mawasiliano, unataja tarehe, saa na eneo ulipokuwa, unapewa namba ya kumbukumbu, UNAITUNZA, usiporidhika na majibu ndo unakuja nayo. Bila ile namba tutakurudisha ulikotoka. Na wale wa "nimeforwadi tu kama nilivyopokea", kwa Tanzania someni kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kuhusu taarifa za uongo: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au jela isiyopungua miaka mitatu, au vyote viwili.

Wenye madishi, kuna siku chache baada ya Machi 20 na kabla kidogo ya Septemba 22 ambapo Jua linapita nyuma ya setilaiti kabisa, dishi linameza kelele za Jua (mawimbi yake ya redio) na picha inaganda dakika kadhaa, kesho yake tena karibu saa ileile. Fundi akikwambia LNB (kile kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi) imekufa siku hizo, msubirishe wiki moja kwanza.