Je, wajua kwa nini picha za dini zimejaa kwenye fulana za bei nafuu?

Mikono miwili imekutanishwa kwa sala, vidole virefu, mishipa imetuna kidogo. Huenda umeiona mgongoni mwa fulana, kwenye kofia au kwenye hudi (sweta lenye kofia). Mara nyingi chanzo chake ni mchoro mmoja tu, alioufanya Mjerumani Albrecht Dürer mwaka 1508 kwa brashi kwenye karatasi ya buluu. Inavyoelezwa kwa kawaida, alikuwa akijiandaa kuchora picha ya altare ya kanisa moja la Frankfurt. Sehemu aliyoichora yeye kwenye altare ile iliteketea kwa moto mwaka 1729. Yale maandalizi yamebaki, yamehifadhiwa Vienna, na leo yanavaliwa duniani kote.

Imefikaje kwenye nguo za mitaani? Kwa miaka mingi niliamini kwamba mtindo huu ulishuka kutoka juu: wabunifu wakubwa wa Ulaya walianza, viwanda vikaiga, kisha sisi wengine tukapata nakala za bei rahisi. Ushahidi nilidhani ninao. Dolce & Gabbana walionyesha mwaka 2013 magauni yaliyonakili michoro ya vijiwe ya kanisa kuu la Monreale, Sicily. Mwaka 2018 jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, lilifanya maonyesho ya mavazi na Ukatoliki. Vatikani iliwaazimisha vitu takriban 40, na watu zaidi ya milioni 1.6 wakaenda kutazama.

Nilichokosea ni mwelekeo. Ukizipanga tarehe, mtaa uko mbele kwa miongo mingi. Mwaka 1966 wafanyakazi wa mashambani wa California, wengi wao wenye asili ya Meksiko, waliandamana kutoka Delano hadi Sacramento wakiwa na bendera ya Bikira wa Guadalupe, yaani Bikira Maria anavyoheshimiwa Meksiko. Bikira huyohuyo alikuwa akichorwa kwenye magari, kwenye ngozi za watu, hata kwenye leso ambazo wafungwa waliwapelekea jamaa zao.

Kisha kuna fulana za maombolezo, na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Huko Los Angeles, kijana akifa, familia huchapisha fulana zenye jina lake, mwaka aliozaliwa na aliofariki, pengine na mikono ya sala. Herufi zake ni zile nene zenye ncha, za ukoo mmoja na zile alizotumia Gutenberg kuchapa Biblia katika karne ya 15. Mwaka 2016 msanii Cali Thornhill DeWitt alizitumia kwenye nguo za ziara ya Kanye West, akichota kutoka fulana hizohizo za msiba. Muda si muda, maduka ya bei nafuu yakajaa herufi za namna ile. Wengi waliozinunua hawakujua kwamba wamevaa umbo la tangazo la tanzia.

Sisemi kwamba njia ni moja. Mwimbaji Madonna alivaa misalaba na rozari mwaka 1984, akaigwa na wasichana wengi. Mbunifu Mmarekani Virgil Abloh naye mwaka 2012 alimchukua mchoraji wa kale Caravaggio moja kwa moja, akaiweka picha ya maziko ya Kristo kwenye hudi.

Lakini kwa nini picha hizi zidumu, wakati mitindo mingine hupita? Nadhani jibu linaonekana ukilinganisha na methali. Wimbo wa msanii aliye hai huwezi kuuchapisha na kuuuza bila ruhusa yake. Methali unaitumia utakavyo, kwa sababu aliyeitunga hadai chochote. Zaidi ya hayo, methali haihitaji maelezo. Ukitaja nusu yake, msikilizaji anaimalizia mwenyewe, na maneno yako yanapata uzito wa wazee waliokutangulia. Picha takatifu hufanya kazi zote mbili. Nchi nyingi hulinda kazi ya msanii kwa miaka 70 baada ya kifo chake. Dürer alifariki 1528, mchoraji Mwitaliano Raphael 1520, Caravaggio 1610. Kiwanda kinachotaka katuni maarufu lazima kilipie leseni. Kikitaka malaika wawili wa Raphael, walioegemea viwiko chini ya picha ya Bikira Maria, kinalipia wino na kitambaa tu. Na kwa kuwa picha za makanisani zilikusudiwa kueleweka hata na wasiojua kusoma, mtu aliye ng'ambo ya barabara anazitambua papo hapo.

Kisa cha viatu vya MSCHF, kikundi cha wasanii cha Marekani, kinaonyesha sheria inamlinda nani. Mwaka 2019 kikundi hicho kilichukua viatu vya Nike, kikatia maji ya Mto Yordani kwenye soli na kuviuza dola 1,425, kwa ajili ya Mathayo 14:25, Yesu anapotembea juu ya maji. Mwaka 2021 kikatoa jozi 666 za viatu vya Shetani kwa dola 1,018, kwa ajili ya Luka 10:18, Yesu anaposema alimwona Shetani akianguka kutoka mbinguni. Safari hii Nike ilikwenda mahakamani, na ilichotetea ni alama yake ya biashara.

Kukosa mmiliki kisheria hakumaanishi kwamba hakuna atakayeumia. Mwaka 1994 Chanel ilipitisha jukwaani nguo zenye maandishi ya aya ya Kurani kifuani. Mbunifu wake, Karl Lagerfeld, aliomba radhi akisema alidhani ni shairi la mapenzi alilolitoa kwenye kitabu kuhusu Taj Mahal. Hapo hapakuwa na picha ya mtakatifu. Kwa Mwislamu maneno yenyewe ndiyo yenye utakatifu, na Lagerfeld aliyaona kama urembo tu. Mwaka 2020 Shein, kampuni inayouza nguo za bei nafuu mtandaoni, iliuza misala ya kuswalia, mmoja ukiwa na picha ya Kaaba, kama mazulia ya kupambia nyumba. Waislamu walipolalamika, iliiondoa na kuomba radhi.