Dishi juu ya bati: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukisimama kwenye vilima vya Kimara, jijini Dar es Salaam, utaona mapaa ya bati yaliyojaa madishi madogo ya televisheni. Miaka thelathini iliyopita hali haikuwa hivyo. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, na ungo wa satelaiti ulikuwa kitu cha hoteli kubwa, balozi na nyumba za wachache. Namna ulivyotoka huko hadi kufika kwa mama lishe na dereva wa bodaboda husimuliwa kwa makosa ambayo naona yanastahili kurekebishwa.

Dhana: Dishi lilienea kwa sababu watu wa kawaida walianza kuwa na fedha.

Ukweli: Kilichobadilika zaidi ni chombo chenyewe. Satelaiti za televisheni hukaa juu ya Ikweta, kilomita 35,786 hivi kutoka ardhini, zikizunguka kwa mwendo unaolingana na wa dunia, na ndiyo maana dishi likishafungwa halihitaji kusogezwa. Mawimbi ya satelaiti za zamani yalifika chini yakiwa hafifu, hivyo kuyanasa kulihitaji ungo wa futi 6, 8 au zaidi, uliosimikwa uani kwa zege. Zilipokuja satelaiti zenye nguvu zaidi, zinazorusha kwa masafa ya juu yanayoitwa Ku, dishi la sentimita 60 hadi 90 likatosha, na fundi akaweza kulipakia kwenye pikipiki. Kisha ukaja mfumo wa dijitali, ambao MultiChoice ya Afrika Kusini iliutumia kuanzisha DStv mwaka 1995: njia iliyokuwa ikibeba chaneli moja ikaweza kubeba kadhaa, na gharama ya kukodi satelaiti ikagawanyika. Bila mambo hayo mawili, naamini hata vipato vingepanda, dishi lingebaki mahotelini.

Dhana: Watu walifuata chaneli za ng'ambo.

Ukweli: Wa mwanzo, ndiyo. Kaya za kawaida zilivutwa na mambo ya nyumbani. Azam TV ilipoanza mwaka 2013, ikiwa na haki za kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara, shabiki wa Simba au Yanga aliyeko Tunduru au Kasulu, aliyezoea kuufuata mpira redioni, alianza kuwaona wachezaji wake kwa macho. Thamani ya jambo hilo ilionekana wazi mwaka 2021, haki hizo ziliposainiwa kwa miaka 10 kwa shilingi bilioni 225.6. Asiyekuwa na dishi lake alilipa kiingilio kidogo kwenye kibanda umiza, akabanana na wenzake kwenye benchi, na wengi walilijua dishi kwanza huko kabla ya kulifunga kwao. Zikaja pia tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, na bibi ambaye siku zote alikuwa akimuuliza mjukuu "amesemaje huyo?" akaanza kuzifuata mwenyewe, tena akawasimulia waliokosa kipindi cha jana. Hilo kwangu ni jambo kubwa, kwa sababu hapo ndipo dishi lilipokuwa la nyumba nzima.

Dhana: Kila king'amuzi ni cha satelaiti.

Ukweli: Mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Nairobi mwezi Februari 2015, ving'amuzi vingi vilivyouzwa vilikuwa vya antena, vinavyopokea matangazo kutoka minara ya ardhini. Mnara una mipaka yake, na mlima ukikaa katikati picha hukatika. Aliyeishi bondeni au mbali na mji alikuta dishi ndiyo njia pekee ya kupata picha safi.

Dhana: Mvua huiharibu satelaiti.

Ukweli: Satelaiti iko mbali sana juu ya mawingu. Matone mazito hudhoofisha mawimbi ya Ku yanapopita hewani, na mvua ikipungua picha hurudi yenyewe, bila kuita fundi wala kupanda darini.

Dhana: Dishi likiwa kubwa, chaneli huwa nyingi.

Ukweli: Chaneli hutegemea satelaiti unayoielekea na kifurushi ulicholipia. Dishi la DStv jijini Nairobi hutazama karibu juu kabisa, kwa kuwa satelaiti yake iko nyuzi 36 mashariki, takriban longitudo ya mji huo. La Azam, linalofuata satelaiti ya nyuzi 7 mashariki, huelekezwa magharibi. Kosa la nyuzi chache tu huondoa picha yote. Ndiyo maana fundi juu ya bati hulisogeza kidogo kidogo, huku mtoto akisoma kipimo kwenye televisheni na kupaza sauti dirishani: "Arobaini! Sitini! Imeshuka, rudisha! Hapo hapo, usiguse!" Ndipo fundi hukaza nati.