Tausi wa kameo: usiwauze madume wa buluu

Mfugaji mmoja alinipigia simu akilalamika kwamba ametapeliwa. Alinunua tausi jike wa kameo, ile rangi ya chai ya maziwa, akampandisha kwa dume wake wa buluu, yaani wa aina ya kawaida. Vifaranga wote wakatoka buluu.

Hakutapeliwa. Kwa ndege mambo ni kinyume cha binadamu: dume ana kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) mbili za Z, jike ana Z moja na W. Jeni ya kameo, iliyojitokeza Marekani miaka ya 1960, imekaa kwenye Z, nayo hufunikwa na buluu. Jike akiwa nayo lazima uione, kwa kuwa hana Z ya pili ya kuificha. Dume anaweza kuibeba maisha yake yote usione hata unyoya mmoja.

Sasa geuza: dume wa kameo kwa jike wa buluu. Majike wote watakuwa kameo, madume wote buluu waliobeba kameo. Naupenda sana mpandisho huu, maana siku ya kuanguliwa unajua jinsia: waliofifia ni majike. (Weupe ni habari nyingine. Jeni yake haifuati jinsia, na lazima itoke kwa wazazi wote wawili.)

Nilimsihi yule mfugaji asiuze madume wake wa buluu. Wote wamebeba. Mmoja wao akipandishwa kwa jike wa kameo, takriban nusu ya vifaranga watatoka kameo, majike kwa madume.

Ila jike huyo asiwe mama yao. Njia hiyo ni fupi na wengi huifuata, kisha wanashangaa mayai hayaangui. Chukua tochi, mulika yai siku ya kumi. Likiwa angavu kabisa, huenda halikurutubishwa: pengine dume ni mchanga, au majike wamemzidi. Mimi simpi zaidi ya wanne. Ukiona duara la damu, mbegu iliingia na kiinitete kikafa. Joto la mashine ya kuangulia likiwa sawa na bado maduara ni mengi, naanza kushuku undugu.

Tumepata jike wa kameo wa ukoo mwingine. Madume wameshavishwa pete miguuni. Wakitimiza miaka mitatu, mikia ikikamilika, tutawapandisha.