Chapa za istiara za harusi: picha zinazosomwa

Ukipewa picha ya harusi, macho hukimbilia nyuso. Bibi harusi ni yupi, bwana harusi yuko wapi, shangazi kasimama na nani. Chapa ya istiara ya harusi haitazamwi hivyo. Humo utakuta kijana mwenye taji la maua ameshika mwenge, tausi wanakokota gari la malkia wa mbinguni, mito miwili imechorwa kama wazee wenye ndevu, na pengine maharusi wenyewe hawaonekani kabisa ila kwa nembo zao mbili zilizofungwa kwa utepe mmoja. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotokea kanisani siku ile.

Chapa, kwa maana tunayoitumia hapa, ni picha iliyochongwa kwenye bamba la shaba kisha ikapigwa kwenye karatasi. Istiara ni masimulizi au taswira ambayo kila kilichomo kinasimama badala ya kitu kingine. Kwa hiyo chapa ya istiara ya harusi ni picha iliyochongwa kuadhimisha ndoa fulani, hasa Ulaya kati ya karne ya 16 na ya 18, ikisema kwa mafumbo ndoa ile ilibeba nini kwa familia, kwa mji au kwa dola. Aliyesoma fasihi atakuta humo tashihisi kila kona: Amani ni mwanamke mwenye tawi la mzeituni, Umaarufu ni mwanamke mwenye mabawa anayepuliza tarumbeta, nchi nzima ni bibi aliyevaa taji.

Sisi tuliokulia kwenye kanga tuna njia ya mkato ya kuuelewa mpangilio wake. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Chapa hizi nazo mara nyingi zina ukingo wa mapambo, zina picha katikati, na chini yake kuna maneno, aghalabu beti za Kilatini au za lugha ya nchi. Mwenye haraka huona mapambo tu. Fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua.

Mafumbo haya hayakuwa ya kubuni ovyo. Mwaka 1593 Cesare Ripa alichapisha mjini Roma kitabu chake Iconologia, kilichopanga kwa alfabeti sifa na hisia za binadamu na kueleza kila moja ichorweje: ivae nini, ishike nini, isimame na mnyama gani. Toleo la 1603 likaongezewa picha, na tangu hapo wachoraji wa nchi nyingi walikitumia kama kamusi. Ndiyo maana chapa ya Florence na chapa ya Paris huweza kusomeka kwa ufunguo uleule.

Herufi kuu ya lugha hii, kwa maoni yangu, ni mwenge. Anayeushika ni Hymen, mungu wa harusi wa Wagiriki wa kale. Mwenge ukiwaka kwa mwali safi, ndoa ina heri. Katika hadithi ya harusi ya Orpheus, mwimbaji wa hadithi za Kigiriki, mwenge wa Hymen ulitoa moshi tu ukakataa kushika moto, na punde bibi harusi akagongwa na nyoka akafa. Mwenge uliogeuzwa kichwa chini ni mauti. Kwa hiyo unapoikuta chapa ya harusi, tazama mwali kwanza, kwa sababu mchongaji hakuuchonga vile kwa bahati. Tausi ni ndege wa Juno, malkia wa miungu ya Warumi na mlinzi wa wake. Njiwa wawili ni wa Venus, mungu wa kike wa mapenzi, na mhadasi ni mti wake. Nira ni kifungo cha ndoa. Mbwa aliyelala miguuni pa bibi harusi ni uaminifu, jambo ambalo msomaji wa pwani yetu inabidi alipokee kama lilivyo kwa wenyewe, maana kwetu mbwa angeleta maana nyingine kabisa.

Halafu kuna mikono. Ishara ya ndoa tangu Warumi wa kale ni mkono wa kuume kushika mkono wa kuume. Hapa ndipo ufundi wa bamba unapoingia. Mchongaji husukuma kipatasi chembamba chenye ncha kali juu ya shaba, na kila mkwaruzo huacha mfereji mwembamba. Ni kazi iliyozaliwa kwenye karakana za masonara. Wengine hupaka bamba nta, wakachora kwa sindano, wakaliacha asidi iile shaba pale nta ilipotoka. Vyovyote vile, wino husuguliwa uingie kwenye mifereji, uso wa bamba ukafutwa ukawa safi, karatasi yenye unyevu ikalazwa juu, vyote vikapitishwa kati ya roli mbili nzito. Picha inayotoka imegeuka: kulia kumekuwa kushoto. Mchongaji aliyenakili mchoro moja kwa moja bila kuupindua alitoa chapa ambayo maharusi wanapeana mikono ya kushoto na askari wamevaa panga upande usio wake. Ukiona hivyo, usitafute fumbo. Ni bamba tu lililosema kinyume.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Florence, 1589. Ferdinando I, wa ukoo wa Medici uliotawala mji huo, alikuwa kardinali. Kaka yake alipofariki mwaka 1587 akashika utawala wa Toscana, dola ya Italia ambayo Florence ilikuwa mji wake mkuu, akaacha ukardinali ili aoe, na akamchagua Christine wa Lorraine, mjukuu wa Caterina de' Medici aliyekuwa malkia wa Ufaransa. Mwezi Mei 1589, katika ukumbi wa michezo ndani ya jengo la Uffizi, sherehe zilipambwa kwa mchezo wa kuigiza, na kati ya sehemu zake yakawekwa maonyesho ya muziki yaliyobuniwa kwa mitambo ya Bernardo Buontalenti: mawingu yaliyoshuka na kupanda yakiwa yamebeba waimbaji. Agostino Carracci alichonga mawili kati ya maonyesho hayo. Moja ni la muziki wa mbingu. Mungu wa kike wa Lazima ameketi juu na pia yake ya kusokotea, ile inayozungusha ulimwengu, na miungu ya majaliwa iko pamoja naye. Sayari na Sirena, wanawake waimbaji wa hadithi za Kigiriki, wamejipanga juu ya mawingu wakiimba.

Christine na Ferdinando hawamo, lakini ndio wanaoimbiwa. Chapa inasema kwamba ndoa hii imeingia kwenye mpango wa mbingu zenyewe, na kwamba anayeipinga anapingana na mzunguko wa nyota. Kwa mtawala aliyekuwa akijaribu kusogea karibu na Ufaransa ili apumue kidogo kutoka kwa Hispania, hilo lilikuwa tamko zito la siasa. Na lilisafiri. Onyesho liliishia mbele ya wageni waalikwa, ila karatasi iliweza kufika kwenye jumba la mfalme yeyote.

Medici waliishika desturi hiyo. Cosimo II alipomwoa Maria Maddalena wa Austria mwaka 1608, palifanywa vita vya kuigiza vya majini kwenye mto Arno, na mashua za mapambo za Argonauti, mabaharia wa hadithi za Kigiriki, zikachorwa na Remigio Cantagallina. Mwaka 1637 Stefano della Bella alichora mandhari ya mchezo wa harusi za miungu, uliochezwa katika ua wa jumba la Pitti kwa ajili ya Ferdinando II na Vittoria della Rovere. Wasio watawala nao waliiga: koo kubwa za Venisi katika karne ya 18 zilichapisha vijitabu vya mashairi ya harusi vyenye picha zilizochongwa.

Chini kabisa ya chapa utaona maneno mafupi ya Kilatini. *Invenit*, mara nyingi *inv.*, ni aliyebuni. *Sculpsit* ni aliyechonga. *Excudit* ni mchapishaji. Na ukipitisha kidole pembezoni, kwenye chapa isiyokatwa, utahisi bonde jembamba la mstatili: hapo ndipo ukingo wa bamba ulipoiminya karatasi.

Kufikia katikati ya karne ya 18, miungu ilianza kuwapisha watu. Charles-Nicolas Cochin, yule mwana na si baba mwenye jina lilelile, alizichora sherehe za jumba la kifalme la Versailles za Februari 1745, mrithi wa kiti cha Ufaransa alipomwoa Maria Teresa Rafaela wa Hispania. Katika picha ya dansi ya vinyago, ukumbi wa vioo umefurika watu, na humo kuna kundi lililovaa mavazi ya miti iliyokatwa kama ya bustanini, mfalme Louis XV akiwa mmoja wao, hatambuliki ni mti upi. Bibi harusi yule alifariki Julai 1746, siku chache baada ya kujifungua. Mapambo ya ibada ya mazishi yake katika kanisa la Notre-Dame yalipohitaji kuwekwa kwenye shaba, kazi ilirudi kwa Cochin.