Matango: uyoga haumli mtu

Filamu ya Kijapani Matango (1963) ya Ishirō Honda, isiyohusiana kabisa na matango ya kachumbari, husimuliwa kama kisa cha uyoga unaovamia na kula watu. Sivyo. Jina ililopewa Marekani, lenye maana ya "shambulio la watu-uyoga", ndilo lililokoleza dhana hiyo. Anayekula ni binadamu: watu saba wanakwama kisiwani, chakula cha makopo kinapungua, baharia anamuuzia tajiri wa kundi mayai ya kasa, hatimaye njaa inawafikisha kwenye uyoga. Ukishauonja huachi, na mwili wako unageuka uyoga taratibu. Majitu ya uyoga yanayoonekana kisiwani yalikuwa watu. Yanambeba mmoja wa wale waliokwama, ndiyo, lakini hayamtafuni, analishwa uyoga.